Vifaru Vitatu vya Marehemu Elirehema

Sehemu ya Saba

"Vifaru havikuwepo."

Hapo ndipo tulipomwacha yule mgeni mnene wa kofia ya kufuma, amesimama na chupa ya soda mkononi, katikati ya baa ya Philemoni pale Kikatiti. Kama gazeti lako la wiki jana jirani aliliazima akalifungia maandazi, jua tu kwamba kamati ilikuwa kwenye mazoezi ya sherehe. Kesho yake sanamu ya Elirehema ingezinduliwa kando ya barabara ya Moshi. Elirehema ni mdogo wake Philemoni; aliuawa kwenye vita vya Kagera akiwa kijana wa miaka ishirini. Na Philemoni, akiisoma hotuba yake kwa sauti ya redio, alikuwa amefika pale marehemu anapoparamia kifaru cha tatu cha adui.

Hata mchoma nyama aliacha kupepea mkaa.

"Wewe ni nani?" aliuliza Philemoni.

"Naitwa Uwesu. Nina duka la spea pale Kaloleni, Arusha. Nilikuwa na Elirehema mpaka mwisho wake. Nilimzika mimi."

Philemoni aliikunja hotuba taratibu. Alikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu vifaru vile hakuvipata kwa siku moja.

Wakati wa matanga, mwaka 1979, hapakuwa na kifaru hata kimoja. Palikuwa na ofisa mmoja aliyekuja kutoa pole, akanywa chai, akaondoka. Kifaru cha kwanza kilitokea mwaka ambao Philemoni aliomba kiwanja cha kando ya lami. Cha pili kilikuja baada ya biashara kufunguliwa, bia za makopo zilipoanza kumiminika kutoka Namanga, naye akabandika kibao cha Shujaa Inn juu ya mlango. Cha tatu kililetwa na Ludovick.

Ludovick ni mfanyabiashara wa saruji na mabati, mtu wa Kibosho kule Kilimanjaro, na mwaka huu wa 1995 anagombea udiwani. Ameanza kuitwa mheshimiwa tangu hajachukua fomu. Ana pesa, ana Land Cruiser yenye vipaza sauti juu ya paa, ana kofia za kugawa. Lakini Wameru, wenyeji wa hapa, walikuwa wakiulizana jambo moja: huyu bwana ana kaburi gani hapa kwetu? Maana mtu asiye na kaburi mahali ni mpita njia, hata akijenga ghorofa.

Ludovick aliposikia hivyo akatafuta kaburi la kupanga. Akapata la Elirehema.

Si kaburi hasa. Nyumbani kwa mama Ndeshi, mama yao Philemoni, kuna masale tu, mimea ya kuwekea alama kaburi, iliyopandwa mahali ambapo lingekuwepo. Familia iliamini kijana wao amelala na mashujaa wengine huko Kagera. Hakuna aliyewahi kwenda. Kila mwaka Philemoni alisema mwakani, na kila mwakani ilikuja na friji mpya.

Turudi baa. Philemoni alitaka mgeni atolewe nje. Ludovick akamzuia. Mfanyabiashara hagombani na mtu kabla hajajua bei yake.

Alimshika Uwesu mkono, wakatoka hadi nyuma, penye jiko la nyama. Hakumkemea wala hakumwahidi kitu. Alimweleza kwa upole kwamba mama Ndeshi amepita miaka sabini, moyo wake si mzima, na miaka yote hii amekuwa akiishi kwa kuviegemea vifaru vile. Ukiviondoa, alisema, ataangukia wapi? Hakuomba Uwesu aseme uongo. Aliomba akae meza kuu na Philemoni akimtaja atikise kichwa.

Uwesu alikuwa amekuja kutoka mjini na hasira kifuani, amejipanga kusema yote. Sasa hasira ile ikaanza kumpoa. Na yeye ana mama.

"Kutikisa kichwa tu?" aliuliza.

"Kutikisa tu," alisema Ludovick.

Philemoni akaagiza mguu wa mbuzi, akamhakikishia mgeni kwamba mchinjaji ni Mwislamu. Uwesu akala. Hivyo ndivyo ukweli ulivyouawa mara ya pili, safari hii kwa pilipili na ndimu.

Lakini kamati ilikuwa imemsahau Anande.

Anande ni dada yao, kitinda mimba, anauza mitumba gulioni. Ndiye aliyemleta Uwesu. Alikuwa amekwenda Kaloleni kutafuta mkanda wa mashine ya kusaga, akataja jina la ukoo wake ili aandikiwe risiti, na mwenye duka akaweka kalamu chini, akamwuliza kama ana undugu na Elirehema. Sasa alipomkuta mtu wake anajifuta mafuta mdomoni, hakuhitaji kuelezwa.

"Kaka Uwesu, umeshiba?" alimwambia. "Basi twende ukamwamkie mama. Kutoa shikamoo si uongo."

Mama Ndeshi aliwapokea jikoni, maana sebuleni Ludovick alikuwa ameweka viti vya plastiki mia moja vya sherehe. Alipokea shikamoo, akamwekea mgeni bakuli la loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, naye Uwesu, na mbuzi wote ule tumboni, alikula mpaka mwisho kwa adabu. Mama hakuuliza neno hadi bakuli lilipokuwa tupu.

Kisha akaanza kumsimulia mtoto wake, kana kwamba mgeni hakuwahi kumwona. Alimwambia Elirehema alipiga tarumbeta kanisani, lile dogo kuliko yote, na kila Jumapili mchana midomo yake ilikuwa imevimba kama ameng'atwa na nyuki. Alikuwa mwoga wa punda. Alikuwa akicheka peke yake. Alimaliza shule, akaenda JKT, na vita vilimkuta hukohuko, kwa hiyo hawakuagana. Alipoondoka nyumbani mama alikuwa shambani akipalilia maharage na alidhani mtoto atarudi Krismasi.

"Watu wamenihesabia vifaru," alisema mama Ndeshi. "Mimi kifaru sijawahi kukiona. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alimfumba macho?"

Uwesu alisahau mambo ya kutikisa kichwa.

"Mimi, mama."

Akamweleza. Walikuwa wamekwisha vuka mpaka, wanaelekea Masaka, wamepumzika kwenye nyumba moja ya kando ya njia yenye migomba mingi. Elirehema alichukua ndoo akasema anakwenda kisimani, nyuma ya nyumba. Ukasikika mlio mmoja. Walipofika alikuwa amelala kifudifudi. Hakuteseka. Wenzao walikuwa wanaondoka na amri ilikuwa ni kusonga mbele, kwa hiyo yeye na askari mwingine walichimba palepale, kwa jembe walilolikuta ukutani.

"Nilimsomea Fatiha, mama. Nisamehe. Sikuujua wimbo wenu hata mmoja."

Anande alikuwa ameugeukia ukuta.

"Mungu anasikia Kiarabu," alisema mama. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Kagera hayuko."

"Hayuko. Yuko ng'ambo."

Aliulizwa kama anaweza kupaona tena, akajibu kwamba anaweza kwenda amefumba macho. Mama Ndeshi akalichukua bakuli, akaliosha, akalifunika. Akawaambia wote wawili wasimwambie Philemoni chochote. Kesho, alisema, mwacheni na vifaru vyake.

Sasa, wewe uliyemdhania mama huyu ana moyo mbovu, subiri Jumamosi.

Jumamosi Kikatiti ilijaa. Matarumbeta yalikuwepo, mchungaji alikuwepo, na wafuasi wa Saning'o, mpinzani wa Ludovick, walikuwepo pia, kwa sababu pilau haina chama. Kando ya barabara kilisimama kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe. Nyuma yake kulikuwa na lori la mabati lililofunikwa turubai, na mpiga picha wa kukodi, wakisubiri wakati wao.

Lazima nikwambie habari za sanamu ile. Ilitengenezwa Olasiti, na fundi hodari wa simba wa saruji, wale wanaokaa juu ya nguzo za mageti ya matajiri. Binadamu alikuwa hajawahi kumtengeneza. Aliomba picha ya marehemu. Familia ilikuwa na picha moja tu, ya kipaimara, ambayo Elirehema yumo mstari wa nyuma, amezibwa nusu na kichwa cha mwenzake. Fundi alilalamika. Ludovick akampelekea picha yake mwenyewe ya kampeni, imsaidie, alisema, namna shujaa anavyotazama mbele.

Mama Ndeshi akaitwa kuvuta shuka. Akavuta.

Askari alikuwa na kofia ya chuma. Alikuwa na bunduki nzuri kabisa. Chini ya kofia alikuwa na masharubu ya Ludovick, mashavu ya Ludovick na videvu vya Ludovick, vyote viwili, na tumbo lililoulemea mkanda wa jeshi. Buti zake, kwa mazoea ya fundi, zilikuwa na kucha.

Halafu mtu mmoja upande wa akina Saning'o akauliza, kwa sauti ya huzuni, mheshimiwa amefariki lini.

Kicheko kilianzia huko nyuma kikaja mbele. Kilimpita mchungaji, kikaingia kwenye matarumbeta, na mpiga tarumbeta mmoja aliyekuwa ameshavuta pumzi akatoa mlio ambao haumo kwenye wimbo wowote wa kanisa.

Mshereheshaji, kwa kutojua la kufanya, akampa mama Ndeshi kipaza sauti. Mama aliitazama sanamu kuanzia kwenye kucha hadi kwenye masharubu.

"Huyu baba simfahamu," alisema. "Lakini namshukuru kwa kuja."

Philemoni aliruka jukwaani kuokoa jahazi. Akasoma hotuba kwa kasi, akapitisha kifaru cha kwanza na cha pili bila kupumua, na alipofika cha tatu akamwita Uwesu, shahidi aliyeona kwa macho yake. Uwesu alisimama. Ludovick alimtazama kichwa, akingoja kitikisike.

"Elirehema nilimzika mimi," alisema Uwesu. Akakaa.

Philemoni alingoja. Watu wote walingoja. Hakukuja kifaru.

Hapo Ludovick alifanya anachofanya kila mwanasiasa akiona maji yamefika shingoni: aliahidi. Alikinyakua kipaza sauti, akasema uso utarekebishwa, kucha zitaondolewa, na kwamba mama Ndeshi ni mama yake wa kumzaa. Akamwonyesha kwa mkono. Aombe lolote, alisema, na yeye Ludovick atalitekeleza leo hii, mbele ya mashahidi. Vijana wake walikuwa wameshaanza kufungua kamba za turubai, maana mabati ya zawadi yalikuwa tayari. Mpiga picha alikuwa amepiga goti.

"Nipeleke kwa mwanangu," alisema mama Ndeshi.

Kamba ziliachwa. Ludovick alikaa kidogo akipiga hesabu kichwani. Mama wa shujaa, kaburi la shujaa, Kagera, picha gazetini. Haikuwa mbaya hata kidogo. Akajibu kwamba ni ombi tukufu, na kwamba mara tu baada ya uchaguzi yeye mwenyewe atampeleka.

"Umesema leo."

"Leo," walisema watu wa Saning'o, kwanza wachache, halafu wengi, halafu hata waliovaa kofia za Ludovick wakadakia, maana neno lilikuwa fupi na tamu kusema kwa pamoja. Uchaguzi ulikuwa karibu. Mgombea anaweza kuvumilia sanamu. Hawezi kuvumilia kuitwa mwongo na umati wake mwenyewe.

Alipogeuka, mama Ndeshi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele cha Land Cruiser. Blanketi lake, chupa ya chai na mfuko wa ndizi vilikuwemo tangu asubuhi. Anande aliviweka akimwambia dereva ni vya mheshimiwa.

Ludovick aliinama dirishani, akatabasamu kwa ajili ya kamera, na kusema kwa sauti ya chini kwamba Kagera ni mbali sana kwa mtu wa umri wake.

"Si Kagera," alisema mama Ndeshi. "Ni Uganda."

Tabasamu lilibaki mahali pake kwa sababu kamera nayo ilikuwa mahali pake. Lakini nyuma ya tabasamu hapakuwa na mtu.

Uwesu aliingia nyuma, ndiye ajuaye njia. Anande alitaka kuingia, mama akamwambia abaki, ng'ombe hawezi kukamuliwa na kamati. Na gari lilipoanza kusogea, mlango ukafunguliwa, Philemoni akajitupa ndani na suti yake ya sherehe. Alikuwa ameona heri awe karibu na ukweli kuliko kuletewa na watu baani.

Hivyo gari la kampeni liliondoka na vipaza sauti vyake paani na picha za mgombea milangoni. Mgombea mwenyewe alibaki kando ya lami, karibu na sanamu yake. Wawili wale walisimama vilevile, wakitazama mbele.

Walifika Usa River. Hapo mama akageuza shingo, akamweleza Philemoni yale aliyoelezwa jikoni: nyumba, migomba, kisima, ndoo. Alimweleza kama anavyoeleza mtu habari za arusi aliyohudhuria, polepole, bila kumlaumu. Philemoni alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mama akarudi kutazama barabara, na walipokuwa wanaikaribia Tengeru alianza kuimba wimbo wa kanisani, sauti ndogo, ya mtu anayefanya kazi za nyumbani.

Philemoni, nisimsingizie, alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye kola. Alikuwa na miaka ishirini na mitano mdogo wake alipokufa, na tangu siku ile hakuwahi kupata nafasi ya kumlilia, kwa kuwa alikuwa kazini akimjenga.

Alipojifuta alimsogelea Uwesu.

"Ni nani aliyempiga?" alinong'ona. "Walikuwa askari wao?"

Uwesu alitazama mibuni iliyokuwa inapita dirishani. Alikawia mno kujibu, na Philemoni akajua kwamba jibu si lile la jikoni.

"Mwenye nyumba," alisema Uwesu. "Mzee mmoja na bunduki yake ya kuwindia ngedere. Yupo mpaka leo. Mimi huenda Kampala kufuata spea, napita pale. Nimemwona anakaa barazani kwake."

"Tunakwenda kwa huyo?"

"Kaburi liko uani kwake, Philemoni. Hakuna njia nyingine ya kulifikia."

Philemoni alitaka kujua sababu. Mzee wa watu, kwenye nyumba yake, anampiga risasi kijana aliyekwenda kuteka maji. Ana ugomvi gani na maji?

"Alituambia alidhani ni mwizi," alisema Uwesu.

"Mwizi wa nini? Si alikuwa na ndoo?"

"Alikuwa nayo."

"Sasa?"

Uwesu alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Ndoo haikuwa na maji," alisema. "Ilikuwa na kuku wa yule mzee. Tulikuwa na njaa, ndugu yangu, na mdogo wako ndiye aliyejitolea."

Mbele, wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Mama Ndeshi hakugeuka. Kwenye kioo cha dereva yalionekana macho yake tu, makavu, yanamtazama Uwesu.

"Mwanangu dereva," alisema, "simamisha gari."